Baba Mkwe Anaaga Kazi kwa Kosa Langu, na Rula Yake Iko Kwenye Droo Yangu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, na ukiweza nisaidie upesi, kwa sababu Jumamosi ijayo saa nne asubuhi baba mkwe wangu anavua aproni yake ya ngozi mbele ya ukoo mzima na kuaga kazi aliyoifanya miaka arobaini na mitatu, na anayemfanya aage ni mimi, na hakuna anayejua ila mimi na sasa wewe.

Naandika kwa mkono, usinicheke mwandiko, kompyuta siku hizi sitaki hata kuigusa. Tena naandika vipande vipande, niko stoo nimekalia roli la ngozi, mlango nimeurudishia nusu, nikiitwa nitakwenda na nikipata nafasi nitarudi.

Kazi yetu ni viatu, lakini si vile vya kutundika dukani, ni viatu vya miguu ambayo maduka hayana habari nayo, mtu mguu mmoja mfupi, mtu vidole vimepandana, mtu kisukari kimemvimbisha mguu hauingii kwenye kitu chochote cha kiwandani, hao ndio wateja wetu na wengi wako miji ya mbali, kwa hiyo huko tuna mawakala wanaowachora mguu kwenye karatasi, pembeni ya mguu wanapiga mstari wa sentimita kumi kamili, mchoro unaskaniwa na kupandishwa kwenye ukurasa wetu wa mtandao, na ukurasa ulitengenezwa ili kwenye skrini yetu kila mchoro uonekane kwa ukubwa wake halisi, mguu wa sentimita ishirini na nne uwe ishirini na nne. Baba haamini namba za mawakala, anasema kila mmoja ana futi yake iliyovutika, yeye anataka kuuona mguu wenyewe. Basi skrini tumeing'oa kwenye kisimamio chake tukailaza mezani, yeye anatandaza karatasi nyembamba inayopitisha mwanga juu ya kioo, anaweka rula yake ya chuma kwenye ule mstari, akiona kumi ni kumi anaguna, "Haya," ndipo anachora. Guno hilo nimelisikia miaka sita, tangu nilipoolewa na mwanawe wa kwanza na Baba akasema huyu binti anajua kompyuta, mleteni karakana.

Shida ilikuwa miguu mikubwa. Mguu wa sentimita thelathini hauenei kwenye skrini yetu, inabidi uchore kisigino na nusu ya wayo, halafu picha isogezwe juu, uchore vidole, na Baba kipanya hakigusi kabisa, anasema kinamkimbia, kwa hiyo mimi niko kwenye simu na wakala, mkono mwingine nabandika lebo, nasikia, "Mkwe, njoo uniteremshie mguu," nakwenda, nateremsha, nakaa, "Mkwe, karatasi imehama, unipandishie," nakwenda tena, siku nzima panda shuka kama mtu wa lifti, na mimi mwenzio sina subira, nina kiherehere, mama yangu mzazi alinisema tangu utotoni.

Ndipo nikaipata hiyo skripti. Kwa usiyejua, ni mistari kama ishirini hivi ya maandishi unayoibandika kwenye kivinjari, halafu kila ukifungua ukurasa inabadilisha picha unavyotaka wewe, si alivyopanga mwenye ukurasa, na inabadilisha kwenye kompyuta yako tu, wengine wanaona kama kawaida. Niliikuta kwenye jukwaa la watu wanaopenda kuchezea kompyuta, mtu kaandika pale, picha yoyote inayozidi skrini itaenea yote, nikanakili, nikabandika, nikawasha, nikafungua mguu mkubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo, na lo, huo hapo, kisigino mpaka kidole gumba, mzima mzima, juu ya meza. Niliruka. Baba naye alifurahi, akanipiga piga begani, akasema, "Sasa mguu wote umekaa mezani," halafu akanyoosha mkono kuchukua rula.

Na hapa ndipo ninapokosa usingizi, mshauri. Nikamwambia, "Baba, rula ya nini tena? Ukurasa ulishapimwa, mashine haikosei, unajichelewesha bure, halafu unanikwaruzia kioo." Kweli ilikuwa inakwaruza kioo, sisemi uongo. Akanitazama kidogo, akanikabidhi rula, nikaiweka kwenye droo yangu chini ya bahasha, na guno la "haya" likaishia hapo.

Sikujiuliza picha imeeneaje. Niliona imeenea nikafurahi, basi.

Nimeitwa, narudi.

Nimerudi. Ilikuwa ni wakala, si kitu.

Wiki zikaenda. Miguu midogo, ya akina mama na watoto, ilikuwa haizidi skrini, skripti haikuigusa, viatu vyao vikatoka sawasawa, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Ila siku moja Baba anachora, akasema, "Siku hizi watu wakubwa wote wamekubaliana mguu mmoja, wanakaribiana urefu kama pacha," tukacheka, mimi nilicheka zaidi, nikamwambia labda wanakula chakula cha aina moja. Halafu viatu vikaanza kurudi, wa miji ya karibu wakisafiri kuvileta wenyewe. Alianza dereva wa basi la shule, vinambana. Akaja mwalimu wa hesabu, vinambana. Akaja mlinzi wa benki, huyu zamani alikuwa golikipa, mguu wake kama mtumbwi na ana kisukari, alivivaa siku mbili akijikaza, akaja na lengelenge kwenye kidole, Baba akapiga magoti mwenyewe akalitazama lile lengelenge, akampa kandambili zake aende nazo nyumbani.

Baba hakumlaumu mtu. Alikwenda kupimwa macho akarudi na miwani mipya. Vikarudi vingine. Akaenda akabadilisha miwani. Akawa anafika karakana mapema kuliko wote, nikimkuta amechora mguu wake mwenyewe kwenye karatasi sakafuni, anaupima kwa futi, anachora tena, anapima tena, na kila mara unatoka sawa, halafu anakaa anaitazama mikono yake, ananiuliza, "Mkwe, hii ni ishirini na saba au naona vibaya?" Namjibu ni ishirini na saba, Baba. Anasema, "Basi sijui."

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita wakala mmoja alinipigia kwa hasira, kwamba mteja wake ni wa sentimita thelathini na moja na sisi tumemshonea vya ishirini na sita, tunamchezea. Nikafungua mchoro ili nimwonyeshe jeuri yake, nikatoa rula kwenye droo, nikaiweka kwenye ule mstari wa kumi. Nane na nusu. Nikafuta kioo, nikapima tena. Nane na nusu. Nikabonyeza kitufe cha kuizima skripti, kikageuka kijivu, picha ikavimba mpaka ikatoka nje ya skrini, nikapima, kumi.

Nikaacha kila kitu, nikatoka mbio kwenda kumwambia, naapa nilikuwa nakwenda kumwambia, nafika mlangoni namkuta amesimama katikati ya karakana, mafundi wote wameacha nyundo, ameweka kisu chake cha ngozi juu ya meza, anasema, "Mkono wangu umekwisha. Nisije nikalemaza watu wa watu." Mume wangu yuko pale, Mama yuko pale amemletea chakula, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye mwezi ule tu alikuwa amerudi kutoka kiwanda cha viatu alikokuwa akifanya kazi, yuko pale anafuta machozi. Maneno yalinifika hapa kooni yakakwama. Nikarudi kwenye kiti changu, rula nikairudisha chini ya bahasha.

Jumatatu yake shemeji akakaa kwenye kiti cha Baba. Cha kwanza kurudiwa kilikuwa kiatu cha mlinzi. Shemeji akachora vipande viwili, mimi nikimteremshia picha bila kuguna, akashona siku nne, na mlinzi alipovivaa alizunguka karakana akajifanya anaokoa penalti, watu wakapiga makofi, na aliyeanza kupiga makofi alikuwa Baba. Akamshika shemeji mkono, akasema mbele ya watu wote, "Mnaona? Kumbe tatizo nilikuwa mimi." Tangu siku hiyo hakuna kiatu kilichorudi. Vyote vinaenea. Ushahidi umetimia, na ni wa uongo, na aliyeutengeneza ni mimi kwa kubonyeza kitufe.

Sasa anakuja asubuhi anakaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono ameikalia. Mama anasema nyumbani hammiminii mtu chai tena, anaogopa atamwaga, na kila akiamka anamuuliza leo siku gani, si kwamba hajui, anajipima. Mume wangu ameshaulizia daktari wa watu wanaosahau. Jumamosi wanakuja shangazi, wajomba, mafundi aliowafundisha, atamkabidhi shemeji kalibu zake za mbao, zile za kuumbia viatu, na aproni. Mimi nimepewa kazi ya kupanga viti.

Sikai nikakaa. Nikikaa nasimama. Kioo cha skrini nimekifuta mpaka fundi mmoja ameniuliza kama natafuta kitu ndani. Nimehesabu, miguu mikubwa iliyopita katika wiki zile tisa ni kumi na moja, waliorudisha ni saba, kila mmoja akirudi Baba alikuwa anapungua kidogo. Mara nasema nimweleze mume wangu aongee yeye. Mara nasema nimtumie shemeji ujumbe kwa namba asiyoijua. Mara nasema, Baba ana miaka sabini na moja, amechoka, apumzike, na shemeji naye amepata riziki, nikisema namvunja shemeji, namtia aibu mume wangu, na ukoo huu ambao ukimtambulisha mgeni kwangu unasema "huyu ndiye mtaalamu wetu" utanitazama kwa jicho gani? Mtu pekee aliyenitetea nilipoingia nyumba hii ni huyo huyo mzee.

Je, nikinyamaza nitakuwa nimefanya vibaya sana? Na kama ni lazima niseme, nimwambie nani kwanza, na nianzie wapi? Wananiita. Viti vimekuja.

Ni mimi, Mkwe Asiyetulia.

JIBU

Mkwe Asiyetulia, kaa chini. Najua umeshasimama. Kaa.

Barua yako ililetwa getini kwetu Jumatatu, na kwa kawaida barua hapa hupanga foleni wiki tatu, lakini hii nimeirusha mbele, nikamwondoa bwana mmoja anayegombana na jirani kuhusu ua wa michongoma. Atanisamehe. Ua hauagi kazi Jumamosi. Leo ni Alhamisi, unaisoma, kwa hiyo una siku moja na nusu, na sitakubembeleza.

Mimi kompyuta naijua kwa kuiwasha, basi nilimwita mwenzangu anayepanga kurasa za gazeti hili anieleze hiyo skripti. Akaniambia ni kitu cha kawaida, hata yeye anayo, ya kupunguza picha za matangazo zisimjazie skrini. Nikamuuliza, na kurasa zetu je? Akaenda kuangalia mbio mbio, na hajanirudia mpaka sasa. Nakwambia hili ujue kwamba mkono wako haukuwa na ubaya. Ulichoka kupanda na kushuka, ukatafuta njia fupi, ukaipata. Kila mtu anayefanya kazi na mashine amewahi kufanya kama wewe. Kwa hilo pole, na kwa hofu unayoishi nayo pole zaidi.

Pole yangu imeishia hapo.

Mistari ishirini haikumtoa mzee kwenye kiti chake. Yule mzee alikuwa na njia yake ya kujikinga na makosa ya watu wengine, mawakala, skana, ukurasa, na wewe. Njia yenyewe ilikuwa rula na mstari wa sentimita kumi. Siku ileile uliyoibandika skripti alinyoosha mkono kuichukua. Angepima mara moja tu, angeguna guno jingine, na barua hii usingeiandika. Wewe ulimzuia, ukamwambia mashine haikosei, ukaifungia rula kwenye droo. Halafu naye akakutii kwa sababu anakuamini. Hapo ndipo ulipokosea, mama, si kwenye kompyuta.

Na usiniambie maneno yalikwama kooni. Ijumaa yalikwama, nakubali, hata mimi ningekwama. Jumatatu yalikwama? Siku mlinzi anaruka na mzee anajitangazia ugonjwa asiokuwa nao, yalikwama? Unaniuliza kama kunyamaza ni vibaya, na huku umeniandikia kurasa sita ukiwa umejificha kwenye stoo. Jibu unalo.

Hayo ya kwamba ana miaka sabini na moja na apumzike, yafute kabisa. Kupumzika ni haki yake, lakini apumzike kama mtu aliyemaliza kazi. Wewe unataka kumpumzisha kama mtu aliyeharibika. Mzee anaikalia mikono yake asiione! Anaogopa birika la chai! Siku si nyingi mtamkalisha mbele ya daktari amuulize leo siku gani, naye atajibu sawasawa na hatajiamini, kwa sababu mkwe wake mtaalamu anajua na amekaa kimya. Na ukimwacha hivyo mwaka mmoja, utakuta kweli amekuwa yule mnayemdhania.

Kuhusu shemeji yako, unasema ukisema utamvunja. Umeshamvisha kilemba cha ukoka, na kilemba hicho kitamvuka mbele za watu siku nyingine, kwa mdomo wa wakala mwenye hasira au wa yeyote atakayeifungua kompyuta hiyo. Halafu nijibu, huyo shemeji anachora na rula au bila rula? Nimeisoma barua yako mara mbili na rula bado naiona kwenye droo. Ina maana hata leo karakana nzima inachora kwa kuamini tu kwamba kitufe chako kimebaki kijivu. Fundi mzuri aliyetoka kiwandani mnamwekea mtego ule ule uliomnasa baba yake.

Kuna jambo moja umelipita mbio na mimi limenitoa jasho. Miguu mikubwa kumi na moja, waliorudisha saba. Na wale wanne? Hukuniambia habari zao hata neno moja. Mimi nakwambia wako wapi, wako huko miji ya mbali wanatembea wakibanwa, wanajikaza kama alivyojikaza mlinzi, wakijua viatu vya kuagiza ndivyo vilivyo, na mmoja wao huenda ana kisukari na hasikii hata maumivu. Mguu wa kisukari si wa kuchezea, kidonda kidogo kinaweza kumpotezea mtu mguu wote. Mzee aliweka kisu chini kwa kusema asije akalemaza watu wa watu. Wewe umekaa unafuta kioo. Ukimaliza kusoma hapa, kabla hujanywa hata maji, wapigie mawakala wa watu hao wanne, viatu vivuliwe leo, na yeyote mwenye alama au jeraha apelekwe hospitali, asisubiri. Hilo halihitaji ruhusa ya mume wala ya shemeji.

Sasa mzee. Usimtume mume wako, na hiyo namba isiyojulikana sitaki hata kuisikia. Unajua kwa nini? Kwa sababu mzee hatawaamini. Mtu aliyefika hapo alipofika, watoto wakija wakamwambia Baba hukukosea, atadhani mnambembeleza, atawashukuru na kwenda kulala. Na wewe ukimwendea kwa machozi itakuwa hivyo hivyo, atakufariji wewe, na yeye abaki na lake. Hayaamini macho yake wala mikono yake. Kuna kitu kimoja tu alichowahi kukiamini kuliko watu, na kitu hicho unacho wewe.

Na usisahau kumkumbusha kwamba aliona. Watu wakubwa wote wamekubaliana mguu mmoja, alisema hivyo kwa kinywa chake, mkacheka. Miguu ilikuwa inabanwa yote ienee kwenye skrini moja, na jicho la mzee wa miaka sabini na moja likalikamata kosa wiki nyingi kabla ya mtaalamu. Macho hayo yana shida gani? Miwani yake miwili alinunua bure.

Fanya hivi. Kesho Ijumaa asubuhi, saa ile anayofika kabla ya watu, uwe umemtangulia. Mama mkwe wako mwombe aje naye, anastahili kuona. Mume wako mwambie leo jioni, kwa kifupi, asije akasikia kwa watu, lakini mzee usimwachie yeye. Iwashe ile skripti kama ilivyokuwa. Fungua mguu wa mlinzi, ulaze pale mezani, mzima mzima, kama ulivyoulaza siku ile ya furaha yako. Mkaribishe mzee kwenye kiti chake. Akikataa kukaa, mwombe kama mkwe, atakaa. Kisha fungua droo, toa bahasha, toa rula, umkabidhi kwa mikono miwili.

Usimweleze chochote bado. Mwombe apime mstari. Ataona haufiki kumi. Atafuta kioo kama ulivyofuta, atapima tena, atakutazama. Nyamaza, kimya ulichokizoea wiki mbili hizi kivumilie dakika moja zaidi. Mbele ya macho yake zima skripti, picha itoke nje ya skrini, na umwombe apime tena.

Jumamosi wageni waje, viti umeshavipanga. Utasimama mbele yao useme kilichotokea, kwa maneno yako, bila kumtaja mtu mwingine, maana kisu alikiweka chini mbele ya watu. Ukoo utakutazama kwa jicho baya siku mbili tatu, utavumilia, hujafa. Aproni ataivua au ataivaa, ni yake, usimshauri. Ila akimkabidhi mwanawe kalibu, hakikisha anamkabidhi na rula.

Hayo ni ya Jumamosi. Kesho wewe kazi yako ni kusimama pembeni ya meza na kungoja apime mara ya pili. Akiona kumi ni kumi, akaguna, "Haya," hapo ndipo umwambie, "Baba, ni mimi."